Mwiko wa Bi Kächele na pampu iliyokoroma

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Gerlinde Maisch amelala kwenye sakafu ya jiko la watu, shavu limegusa vigae, macho ameyafumba. Asiyemjua angedhani mama wa watu amezimia. Kumbe anasikiliza mashine ya kuosha vyombo.

Nje, theluji ya Februari inayeyuka juu ya mapaa ya Münsingen, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, na matone yanaanguka moja moja dirishani. Ndani, mashine inazungusha maji taratibu. Ni sauti ya kumbembeleza mtu alale, na Gerlinde anakiri kwamba katika miaka thelathini na tatu ya ufundi amewahi kusinzia hivi hivi mara mbili, kwenye majiko ya wateja.

"Maji yana tabaka," anasema. "Juu unasikia yanavyopiga sahani. Katikati yanarudi chini kwenye chujio. Chini kabisa, kama mtu anayepumua chumba cha pili, ndiyo pampu. Hiyo ndiyo inayoyasukuma yote. Pampu nzima inapumua. Iliyochoka inakoroma."

Asubuhi hii Gerlinde, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, anayasikia maji. Pumzi ya chini haisikii kabisa.

"Umelala?" inauliza sauti kali kutoka mlangoni.

Ni mwenye nyumba, Bi Hedwig Kächele, miaka themanini na mmoja, mikono kiunoni, aproni imefungwa kwa mafundo mawili.

"Nasikiliza, Bi Kächele," anasema akimgeukia.

"Basi sikiliza upesi. Sakafu nimeipiga deki jana, si kitanda cha wageni."

Mtaani wanamwita Bi Kächele mkali. Huongea kwa kelele kama yuko ng'ambo ya mto, na ukimsalimia akiwa amekupa kisogo hakujibu. Isitoshe, hatupi kitu jalalani. Mifuko ya mkate anaifua na kuianika. Mwiko wake wa mbao, ambao kila Jumamosi huukwangulia unga wa spätzle, zile tambi nene za mayai, una miaka arobaini na mmoja na umelika upande mmoja.

Unga huo ndio uliomleta fundi hapa mara ya kwanza, wiki mbili zilizopita. Bi Kächele aliutia ubao wake wa spätzle kwenye mashine ukiwa bado na unga mbichi.

"Nusu ya simu ninazopigiwa ni spätzle," anasema Gerlinde, akicheka. "Unga wa mayai ukiutia kwenye maji ya moto umepika gundi. Chujio linaziba, pampu inavuta hewa badala ya maji, inachemka bure. Nawaambia kila siku. Wanasema ndiyo fundi, Jumamosi wanarudia."

Siku ile alilisugua chujio, akalala sakafuni kama kawaida yake, akasikiliza. Akasema pampu ni nzima. Akaenda zake.

Siku tatu baadaye postikadi ilifika karakanani. Ilikuwa na maneno mawili na sahihi: *Inakoroma. Njoo. H. Kächele.*

Gerlinde aliishangaa. Stempu ni ghali kuliko simu, na Bi Kächele si mtu wa kuchezea senti. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa stempu. Alikuwa ameilalia ile mashine kwa robo saa na hakusikia mkoromo wowote.

Sababu alikuwa anaijua. Novemba daktari alimwonyesha picha ya vifupa vidogo ndani ya masikio yake na kumweleza kwamba vinakakamaa. Sauti nzito ndizo zinazotangulia kupotea. Kuna upasuaji, daktari alisema, na mara nyingi unasaidia. Nafasi ni Oktoba.

"Nilitoka pale nikajiambia sijasikia vizuri," anasema. "Nilifanya mzaha. Sikio la kufa halisikii dawa, si ndivyo? Nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu. Aibu, basi. Fundi asiyesikia ni sawa na mpishi asiyeonja."

Kazi yake haimtajirishi. Mwezi mzuri humwachia yuro elfu mbili na mia moja baada ya kodi ya karakana na mafuta ya gari. Angeweza kutumia vipimo kama vijana wa kampuni kubwa, lakini vipimo, anasema, huonyesha kitu kikishakufa. Yeye watu humwita kwa sababu husema mapema: hii itakaa mwaka, ile haifiki Krismasi. Neno lake limewaepusha wengi kununua mashine mpya.

Ndiyo maana postikadi ile ilimuuma. Usiku uleule aliandika tangazo kwa mkono wake: *Karakana ya Maisch itafungwa tarehe 31 Machi. Asanteni kwa miaka yote.* Alilikunja na kulitia kwenye mkoba wa zana. Mpaka leo asubuhi limo humo, chini ya koleo. Amejiwekea ahadi: akishindwa tena kwa Bi Kächele, analibandika mlangoni.

Anainuka sakafuni sasa, anajifuta magoti. Amekuja na pampu mpya ya yuro mia na thelathini kwa kuiamini postikadi tu.

Anazima umeme kwenye swichi kuu na kufunga bomba. Anakausha maji yaliyobaki shimoni kwa sifongo, anaichomoa mashine kabatini na kuilaza chali juu ya taulo kuukuu. Kifuniko cha chini kinatoka, na pale katikati ya mipira ya maji na nyaya imekaa pampu, nyeusi, haijai viganja viwili, shingoni ina mchirizi wa kutu.

"Naomba taulo jingine," anasema, kichwa kikiwa ndani ya mashine.

Kimya.

"Bi Kächele, taulo tafadhali."

Kimya. Anageuka. Bi Kächele yupo palepale, anamwangalia. Gerlinde anarudia, safari hii uso kwa uso, na taulo linakuja mara moja.

"Nilidhani ananibania hata taulo," anasimulia baadaye.

Anachomoa nyaya, analegeza mipira miwili, anaizungusha pampu robo na kuitoa. Kisha anafanya kitu kinachompa ahueni kidogo: anaushika mhimili wake kwa vidole na kuuzungusha. Unakwaruza kama mchanga kwenye jino. Beringi imekwisha. Postikadi ilisema kweli.

Mipira mipya anaipaka tone la sabuni ya vyombo ili iteleze isijikunje. Pampu mpya inaingia, nyaya zinarudi mahali pake, mashine inasimamishwa. Karatasi kavu inatandazwa chini ili tone lolote lionekane. Anawasha.

Maji yanaingia. Maji yanazunguka. Karatasi ni kavu. Gerlinde analala tena sakafuni, na mara hii anakaa muda mrefu zaidi. Anasema akiwa pale aliona vitu vya ajabu: karakana ya marehemu baba yake, mapipa ya mashine za kufulia, na yeye wa miaka sita akilala juu ya rundo la nguo huku mashine zote zikipumua pamoja. Alizisikia wazi kabisa, za miaka hamsini iliyopita. Hii iliyo mbele yake hakuisikia.

Anakaa kitako. Machozi yanamlenga.

"Bi Kächele," anasema, "nisaidie. Wewe ulisikia ikikoroma, mimi sikusikia. Masikio yangu yameharibika. Njoo uniambie kama imetulia."

Bi Kächele anaitazama midomo yake mpaka neno la mwisho. Kisha anafanya jambo ambalo mtaani hakuna aliyewahi kuliona. Anacheka mpaka anashika meza.

"Mimi nisikie? Binti, mimi ni kiziwi tangu mwaka sabini na tisa!"

Alifuma kitambaa kiwandani kwa miaka ishirini na sita, anaeleza, chumba kimoja na mashine za kufumia mia moja na ishirini, walizoziita vitanda. Masikio yote mawili yalibaki kule. Tangu hapo husoma midomo. Simu hawezi, ndiyo maana ya postikadi. Kelele zake si ukali. Hajui tu sauti yake imefika wapi.

"Sasa kwa nini humwambii mtu?" Gerlinde anauliza.

"Kwa nini wewe humwambii mtu?"

Gerlinde anautupia jicho mkoba wake wa zana.

"Wakijua wewe kiziwi wanaanza kukusemesha kama mtoto mchanga," anasema Bi Kächele. "Nitampasua mtu."

"Na mkoromo ulijuaje?"

Bi kizee anafungua droo, anatoa ule mwiko wa spätzle na kumkabidhi kwa namna ya mtu anayekabidhi funguo za nyumba.

"Ung'ate. Ncha ya pili iweke kwenye mashine, pale chini. Kiwandani wote tulifanya hivyo, wengine kwa kijiti, wengine kwa kitana. Kitanda kikitaka kuvunjika, meno yanajua kwanza. Ng'ata, binti! Nimeuosha."

Gerlinde anaung'ata. Mwiko una ladha ya kungumanga. Anasogeza ncha chini ya mlango wa mashine, anafumba macho.

Anatulia. Mabega yanashuka. Matone yanaendelea kuanguka dirishani.

"Naisikia," anasema hatimaye, mwiko ungali mdomoni, maneno yakitoka yamepinda. "Mama, naisikia yote. Iko ndani ya kichwa changu."

Kisha uso wa ufundi unamrudia. Anakunja kipaji. Anasogeza ncha kushoto, kulia, kushoto tena.

"Kuna kitu kinagonga. Si pampu. Kidogo sana."

Anazima, anailaza tena mashine, anaingiza mkono. Kibanio cha mpira kimeegemea fremu, kwa unene wa ukucha tu. Anakizungusha kidogo. Anawasha, anang'ata. Safari hii anabaki na mwiko mdomoni kwa muda usio na sababu yoyote ya kazi, akiyumba kidogo kidogo kama mtu aliye kwenye bembea.

"Inapumua," anasema.

Bi Kächele anauchukua mwiko, anang'ata ncha ileile bila hata kuifuta, anasikiliza kwa namna yake, anaurudisha.

"Haya," anasema.

Nyanda hizi watu wana msemo kwamba asiyegombezwa amekwisha sifiwa. Kwa Bi Kächele, "haya" ni zawadi.

Anapomlipa, kwa noti zilizonyooshwa kwa pasi, anamwambia auchukue mwiko akautumie kwa wateja wengine. "Nakuazima tu! Kesho kutwa Jumamosi nina spätzle. Uwe umeshaurudisha."

Ndani ya gari, Gerlinde anautia mwiko kwenye mkoba wa zana, juu ya tangazo lililokunjwa. Anasema ataenda kwenye upasuaji Oktoba na anatumaini. Akiulizwa atataka kusikia nini kwanza vifupa vikifunguka, anafikiri kidogo. "Mvua ikiwa kubwa," anasema. "Si matone. Ule uzito wake wa chini."

Ijumaa mchana postikadi inafika karakanani. Gerlinde alikuwa ameshavaa koti, mwiko mkononi, tayari kuurudisha. Anaisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha anaketi juu ya kiti cha wateja bila kulivua koti.

*Haikoromi. Mwiko kaa nao. Nimenunua mwingine. H. Kächele.*

"Amenunua," anasema Gerlinde, kwa sauti ya chini. "Bi Kächele amenunua kitu."

Simu inaita. Anaiweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kama alivyoanza kufanya tangu jana, na kusikiliza. Ni mteja wa kijiji cha pili. Anapapasa mkoba akitafuta karatasi ya kuandikia, anaipata iliyokunjwa chini ya koleo, anaifungua upande usioandikwa kitu, na kwa kalamu ya risasi anaandika: *Jumatatu, saa mbili. Inakoroma.*