Mtaalamu wa Majanga na Zamu ya Maji

Serikali ilipokufa hapakuwa na mtu wa kuandika cheti cha kifo. Daktari alikuwa amekwisha kuhama nchi, na karani wa vyeti alikuwa kwenye mgomo. Kwa hiyo maiti ilibaki kitini, imefunga tai, na kila umeme uliporudi ilionekana kwenye televisheni ikiwaomba wananchi wawe watulivu. Wananchi walikuwa watulivu sana. Benki zilikuwa zimefunga milango na akiba zao ndani, petroli haikuonekana, na mtu asiye na petroli hana pa kwenda kupiga kelele.

Ndipo watu wa Beirut walipokumbuka ghafla kwamba wana vijiji. Ain Hawra, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa kuzikia wazee na kuchukulia zeituni, ilianza kupokea magari yenye magodoro juu ya paa. Kila gari lilipokewa kwa mabusu, na mabusu yakiisha likafuata swali: sasa wewe, mpenzi wetu, unajua kufanya nini?

Daktari wa meno alipewa nyumba bila kuulizwa la pili. Fundi aliyekuwa akiwashonea mabibi harusi magauni ya lulu alikalishwa kwenye cherehani ya kukanyaga na kuletewa suruali zilizotoboka magotini. Bwana mmoja aliyeuza manukato uwanja wa ndege akawa anapika sabuni ya mafuta ya zeituni, na kuisifia kwa lugha nne kwa watu waliokuwa wakijua moja tu. Hata mwimbaji wa hoteli alipata kazi: alipopandisha sauti, nguruwe-mwitu waliacha mahindi wakakimbilia bondeni.

Kisha akaja Wajdi.

Wajdi alikuwa mtaalamu wa majanga. Asicheke mtu, ndivyo kadi yake ilivyosema, kwa herufi za dhahabu. Katika kampuni moja ya bima kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakubwa wa makampuni mengine la kufanya siku mambo yatakapoharibika. Alisimama mbele ya watu waliokuwa wakila biskuti, akachora maduara. Katika duara la kwanza aliandika Tahadhari, katika la pili Utulivu, katika la tatu Kurejea, na kati yao akapiga mishale. Watu walinakili mishale. Janga lenyewe lilipowasili, kampuni yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza mtaani kufunga, kwa sababu kamati ya majanga ilishindwa kukubaliana ni nani mwenye mamlaka ya kuitisha kamati ya majanga.

Alipanda mlima na mkewe Hanadi wakaingia katika nyumba ya marehemu baba yake. Kuta zilikuwepo, paa lilikuwepo, na nyuma ya nyumba palikuwa na shamba la ngazi, ngazi juu ya ngazi, kila moja imezuiwa kwa ukuta wa mawe. Hanadi hakungoja ushauri wa kitaalamu. Alipanda maharage na nyanya wiki ileile waliyofika, akawa anayabebea maji kwa ndoo kutoka chemchemini. Mikono yake, ambayo mjini ilikuwa ikipokea simu za wagonjwa kwenye kliniki ya kunyoosha nyuso, ilianza kuota sugu.

Maji ya Ain Hawra hutoka katika chemchemi moja, yanateremka kwenye mfereji wa mawe, na kila nyumba ina zamu yake ya kuyafungulia shambani. Baba yake Wajdi alipohamia mjini alimwachia zamu yake mpwa wake, Nayif. Aliiacha kwa maneno tu, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari: mwagilia mpaka turudi. Nayif alimwagilia. Alikuwa dereva wa teksi ya safari ndefu, na alipokosa petroli akageukia vitunguu. Akaua mavuno mazima kabla hajajua kwamba kitunguu nacho huzama. Sasa vitunguu vilikuwa vimemkubali, na akilini mwake yale maji yalizaliwa siku moja na yeye.

Hanadi alimweleza mumewe hali ilivyo bila kuchora chochote.

"Joto kubwa likifika nasi hatuna zamu, maharage yanakufa. Maharage yakifa, majira ya baridi tutakula yale maduara yako."

Wajdi alikubaliana naye kwamba suala hilo lilikuwa na uzito.

Alianza kwa kujipendekeza kwa umma. Siku ya kuzoa tope la mfereji, ambapo kila nyumba hutoa mtu mmoja, alifika wa kwanza akiwa amevaa viatu vya michezo vyeupe, akapendekeza kabla ya yote wafanye mazungumzo mafupi kuhusu malengo.

"Lengo ni tope litoke, binamu," Nayif alimwambia, akamkabidhi koleo.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri Wajdi alipoketi juu ya ukingo akishika kiuno. Nayif, kila alipopita na ndoo ya tope, alimwulizia hali ya kamati. Alimhakikishia kwamba siku likija gharika kijiji kizima kitamwita, na akamwomba siku hiyo aje na kalamu. Wanaume walicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mgeni wa mjini ambaye kwa bahati mbaya ni ndugu.

Baadaye Wajdi alimwendea Nayif nyumbani kwake kuulizia zamu. Nayif alishangaa sana. Alisema maji ni ya Mungu, ila kwa miaka hii Mungu ameyapitisha kwake, kisha akampa mfuko wa vitunguu. Alimpa kwa moyo safi kabisa, na hilo lilimuuma Wajdi kuliko matusi.

Ikabaki njia ya Abu Sanad. Abu Sanad ndiye mgawa maji, mtu mnene mwenye usingizi wa karibu, ambaye alipendwa kwa haki yake. Haki hiyo ilitokana na kwamba alichukia kuamshwa: kila mgogoro aliumaliza haraka ili arudi kujilaza. Wajdi alijiandaa kwa siku kadhaa. Mkewe alimwambia aende aombe, maneno mawili, arudi. Wajdi alimweleza kwa subira kwamba katika taaluma yao mtu haombi. Mtu huweka mezani chaguo tatu, kila moja na faida na hasara zake, na mwenye uamuzi hujikuta amefika mwenyewe pale unapotaka.

"Basi nenda ukamfikishe," alisema Hanadi.

Baraza la Abu Sanad lilikuwa limejaa alipoingia, baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa kwenye magodoro kuzunguka kuta, Nayif akiwa miongoni mwao. Akapewa nafasi, akasalimiwa na mstari mzima, kisha mwana wa mwenye nyumba, jibaba lenye ndevu, akamletea kahawa chungu katika kile kikombe kidogo kisicho na mkono.

Sasa, Wajdi hawezi kuzungumza bila mikono yake yote miwili. Yale maduara yasiyokuwa na ubao lazima yachorwe hewani. Kwa hiyo alikipokea kikombe, akashukuru, akakiweka sakafuni mbele yake bila kukigusa kwa midomo, na kukohoa kidogo.

Baraza likanyamaza.

Mahali hapa mgeni mwenye haja nzito haanzi kuieleza. Huweka kikombe chini hivyohivyo kimejaa, na mwenye nyumba anajua kwamba heshima yake yote sasa imo ndani ya ile kahawa. Akiitimiza haja, mgeni hunywa. Akikataa, mgeni huinuka na kuiacha, na habari za kikombe kilichoachwa zitakuwa zimevuka bonde kabla mgeni hajavaa viatu. Mara ya mwisho kikombe kuwekwa chini katika chumba kile ilikuwa ni kwa ajili ya damu kati ya koo mbili. Wajdi aliyajua haya kwa namna mtu anavyojua jina la babu wa babu yake: aliwahi kuambiwa.

Yeye aliuona ule ukimya akaupokea kama usikivu. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuupata. Siku zote palikuwa na biskuti. Moyo ukamjaa, akaongeza utangulizi. Alizungumzia mvua na ukame. Alizungumzia rasilimali. Alichora duara la kwanza juu ya kichwa cha daktari wa meno. Wengine nao walikuwa wameshusha vikombe vyao mmoja mmoja, maana hakuna anayekunywa wakati cha mgeni kimesimama, na mtoa kahawa alibaki na birika lake mlangoni kama mlinzi.

"Kunywa kahawa yako, Wajdi," Abu Sanad alisema.

"Bado, ami. Sijafika kwenye jambo lenyewe."

Pumzi ilisikika ikivutwa upande wa pili wa chumba. Abu Sanad, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa wima saa kama ile, alikaa wima. Akamtaka aseme anachotaka. Wajdi alitabasamu kwa ile huruma ya kitaalamu.

"Ami, tusikimbilie kutaka. Kwanza tukubaliane kanuni."

Hapo watu waliona wana mtu mgumu mbele yao. Yule wa koo mbili alitaja haja yake mapema, akitetemeka. Huyu alikuwa ametulia, anatabasamu, kikombe kinapoa mbele ya magoti yake, naye anauliza kama wote wanaelewa maana ya mgawanyo endelevu. Nayif alijifuta shingo kwa leso. Yeye peke yake, pamoja na mgawa maji, alijua mwelekeo wa upepo.

"Ami, asikutishe," Nayif alisema. "Kikombe hakiwekwi chini kwa maharage."

"Kimewekwa," alijibu Abu Sanad. "Kama ni kwa maharage au kwa punda, hilo si lako. Kimo nyumbani kwangu." Akamgeukia mgeni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba gunia na anaona mlango. "Zamu ya baba yako imekurudia, kuanzia Jumamosi hii. Hawa wote mashahidi. Sasa kunywa, mwanangu, Mungu akuongoze."

Wajdi alivunjika moyo kidogo. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia chaguo la pili, na la tatu ndilo lililokuwa zuri. Lakini adabu ni adabu. Akakiinua kikombe akanywa, na kahawa ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Chumba kizima kilinywa naye kwa pamoja, kwa kelele.

Nyumbani alimsimulia mkewe jinsi mbinu ya chaguo tatu ilivyofanya kazi hata ikiwa nusu. Hanadi alikwisha kusikia habari za kikombe kutoka kwa jirani kabla Wajdi hajafika mlangoni. Alimwuliza kama anajua alichokifanya. Wajdi akasema anajua: alilenga hadhira. Hanadi akaona kwamba kumweleza kungeweza kumtia dhamira ya kurudi kuomba radhi, na maharage hayakuwa na muda wa dhamira. Akamwekea mtindi mzito na zeituni, akampongeza.

Jumamosi Abu Sanad mwenyewe aliinua ubao wa lango la mfereji, na maji yakaja.

Wajdi alikuwa amejitayarisha. Tangu asubuhi alichora mpango wa umwagiliaji ardhini kwa kijiti: ngazi ya juu, ngazi ya kati, ngazi ya chini, na mishale. Maji yalifika, yakaupita mpango bila kuusoma, yakakata kona ya tuta la kwanza na kuanza kumwagika barabarani kuelekea msikitini. Hanadi alirukia pengo kwa jembe. Alipoliziba, likafunguka lingine nyuma yake. Zamu ilikuwa inayoyoma, na ngazi ya maharage ilikuwa bado kavu, majani yamejikunja kama sigara.

Nayif alikuwa amekaa juu ya ukuta wa shamba lake, upande wa chini, tangu mwanzo. Hakuwa amemsalimia binamu yake tangu siku ya kikombe, na alikuja makusudi kufurahi. Alifurahi kwa muda. Kisha akatazama yale maji, maji ambayo jana yalikuwa ya vitunguu vyake, yakiogesha barabara, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayeona nguo zake zikichanwa kuwa matambara. Akaruka chini na jembe lake.

"Unayaua," alisema. "Unayaua maji."

"Nadhibiti hali," alisema Wajdi.

Nayif alikwisha kumpita. Alipiga tope mara chache pembeni mwa tuta, akalipasua jingine ambalo Wajdi alikuwa amelijenga kwa fahari, na maji yakageuka, yakasita, yakaanza kutambaa kati ya mistari ya nyanya. Bila kuinua kichwa alitoa masharti. Maji yatanywesha shamba hili mpaka litosheke, na yatakayobaki yatateremka kwake, kila zamu, mpaka vitunguu viive. Naye atakuja na jembe, kila zamu.

Wajdi alifungua kinywa. Alikuwa na pendekezo mbadala.

"Amekubali," alisema Hanadi.

"Basi," alisema Nayif, "mwambie apande pale juu ya lile jiwe, karibu na lango. Asimame. Asishike chochote. Maji yakivunja ukingo, apige kelele."

Wajdi alipanda juu ya jiwe. Kutoka pale aliona shamba lote, na mkewe na binamu yake wakiinama kwenye tope, wakirushiana maneno makali kuhusu mwinamo wa ardhi. Alisimama vizuri. Ilikuwa kazi ambayo kampuni ya bima ilimlipa kwa miaka mingi aifanye, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba ukingo ulipovunjika aliona mara moja, akapiga kelele, akaonyesha kwa mkono, na watu wawili wakakimbia pale alipoonyesha.

Lango lilikuwa karibu kushushwa maji yalipofika kwenye mstari wa mwisho wa maharage. Wajdi, juu ya jiwe lake, viatu vyake vikiwa vikavu, alitangaza kwamba zoezi limefanikiwa.