Msusi na Mkia wa Nyota

Msusi wa ploti yetu hapa Kabiro husuka kama mtu aliye ndotoni. Vidole vyake vya mafuta hupanda kichwani mwako polepole, na kila akimaliza mstari huupuliza, fuu, kama anayepoza chai. Tangu arudi Bungoma kumzika mumewe, ambako alinyolewa kama mila ya kwao inavyowataka wajane, hajavua kitambaa mbele yetu. Ukimtania kwamba msusi gani huyu hana nywele, anakuvuta za kisogoni mpaka machozi yakutoke. Juzi alfajiri, Machi hii ya 1986, tukipanga mitungi kwenye mfereji, tuliiona nyota ya mkia juu ya mabati. Mkia ulikuwa umekatika, unaelea peke yake. Wengine wakasema ni mkosi. Leo, nikiwa kati ya magoti yake, nikamweleza nilichosikia redioni: mkia ule ni gesi yenye umeme, husukumwa na upepo wa jua, na upepo huo hubeba nguvu za sumaku. Nyota ikipita pale sumaku inapogeuka upande, mkia hukatika ukaenda zake.

Vidole vikasimama. "Na kichwa je?"

"Kinabaki. Kinaota mkia mwingine."

Mstari ule hakuupuliza. Moshi wa jiko la jirani ulipita, kisha nikasikia kitambaa kikifunguliwa. Akashuka kwenye kigoda, akaketi chini kando yangu, akaniinamishia kichwa chenye vinywele vichanga kama nyasi za mvua ya kwanza.

"Wangoi," akasema, "hebu jaribu uone kama zinashikika."