Ubao wa Simsim

Umewahi kuharibu kitu kwa mikono yako mwenyewe, kisha ukamwacha asiyejua kusema abebe lawama? Usijibu haraka. Fanuel angeulizwa swali hilo mwezi mmoja kabla ya kisa hiki, angesema hapana, tena kwa sauti ya kusikika hadi jengo la pili.

Huko International City, Dubai, katika chumba walichopanga watu sita, yeye ndiye aliyekuwa mtetezi wa wote. Mtu akinyimwa siku ya mapumziko, Fanuel anawaka. Msimamizi akimfokea mfagiaji, Fanuel anataka barua iandikwe leo hii. Alitoka Kakamega na diploma ya maendeleo ya jamii, na aliamini kabisa kwamba dunia itanyooka siku wanyonge watakapopata wa kuwasemea. Japhet, Mtanzania aliyelala kitanda cha chini yake, alimwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, ahirisha bunge," alizoea kusema. "Wengine tunaamka saa kumi."

Kazi ya Fanuel ilikuwa mbwa. Nairobi aliwaongoza mbwa wa ulinzi kwa miaka mitatu. Dubai akapata nafasi katika ghala moja nyuma ya Qusais lililogeuzwa ukumbi wa mazoezi, lenye kiyoyozi na zulia la kijani la plastiki. Hapo mbwa wa watu walifundishwa kukimbia kwenye vikwazo: kuruka fito, kupenya ndani ya bomba la turubai, kupita juu ya mbao. Fanuel alipanga vikwazo, akatembeza mbwa, akafuta mikojo. Mwalimu na mwenye ukumbi alikuwa madam Lamees, Mlebanoni asiyepandisha sauti hata siku moja.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwa Simsim, mbwa wa jangwani, mwembamba, rangi ya mchanga, aliyeokotwa kando ya barabara kuu. Mwenye mbwa alikuwa Bi Kawthar, mjane wa mtaa wa Al Twar ambaye wazee wake walitoka Unguja zamani. Siku ya kwanza Fanuel alimwita madam.

"Madam ni yule pale mwenye filimbi," akajibu. "Miye niite Bi Kawthar. Na huyu usimtishe, keshatishwa vya kutosha."

Bi Kawthar aliishi kwa kaka yake, na kaka hakutaka mbwa mwoga uani kwake, anayebweka kila mgeni akigusa geti. Akaweka sharti. Jumamosi ya mwisho ya Januari angekuja kutazama. Simsim akimaliza mzunguko, atabaki. Akishindwa, atapelekwa kwenye shamba la ngamia la rafiki yake, mbali huko Liwa.

Simsim aliviweza vikwazo vyote isipokuwa ubao wa kupinduka. Huo ni ubao mrefu uliolazwa juu ya kigingi. Mbwa hupanda upande mmoja, na akivuka katikati, upande wa pili unashuka na kugonga sakafu. Lamees aliweka matofali chini ya upande unaoshuka ili ushuke kidogo tu, na kila wiki akaondoa tofali moja. Kuvuta mbwa kulikuwa marufuku. Simsim alijiendea mwenyewe, na akifika mwisho alisimama, miguu ya mbele chini, ya nyuma bado ubaoni, akingoja. Bi Kawthar angemtazama kidogo, kisha aseme, "Haya." Hapo ndipo alipochomoka kwenda kula kipande chake cha kuku.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kaka kuja, matofali mawili yalikuwa bado hayajaondolewa.

"Yatabaki," Lamees akasema. "Nitamweleza kaka mtu."

Fanuel hakuridhika. Alijiona anajua wakubwa walivyo, watatafuta sababu tu ya kumkataa mbwa. Mchana Lamees alitoka kwenda mtaa wa Al Rigga. Bi Kawthar alikuwa kliniki, na Simsim amemwacha ukumbini. Fanuel akatoa matofali yote mawili. Nairobi, mbwa akiogopa ngazi, ulimfunga mkanda mfupi ukamvuta mara moja, na hofu ikaisha. Alikuwa amewavuta hivyo mbwa wengi.

"Twende, Simsim. Ni kwa faida yako."

Simsim akakaza miguu. Fanuel akavuta. Walipofika katikati ubao ukaanguka kwa kishindo, mbwa akaruka, mkanda ukamrudisha, akapiga ubavu juu ya ubao. Hakuvunjika popote. Alilala bapa tu, akajikojolea, na Fanuel aliponyoosha mkono kumpapasa akafumba macho, akingoja kipigo.

Fanuel akapiga deki. Akarudisha matofali yalivyokuwa, mawili. Lamees aliporudi akauliza kama kuna jipya.

"Hakuna, madam."

Jumamosi kaka mtu alikuja na kanzu yake nyeupe, akakaa kwenye kiti cha plastiki na gilasi ya chai ya maziwa. Lamees akamweleza habari za matofali. Akacheka.

"Matofali si neno. Nataka kuona anamsikiliza dada yangu, basi."

Fanuel alisikia maneno hayo akiwa amesimama kando ya ubao, mahali pake pa kazi.

"Yalla, Simsim!" Bi Kawthar akaita.

Fito zote akaruka. Bomba akapenya. Alipoinua macho akaona ubao, na Fanuel pembeni yake, akalala chini. Kisha akatambaa hadi katikati ya miguu ya Bi Kawthar, anatetemeka. Wakajaribu mara ya pili, na ya tatu.

"Khalas, Kawthar, basi," kaka akasema kwa upole. "Unamtesa bure."

Bi Kawthar akamgeukia Fanuel. "Mwanangu, nambie. Alhamisi alishinda na wewe. Kuna lililomtokea?"

Lamees alikuwa akimtazama. Fanuel akaiona kazi inapotea, na viza nayo.

"Hapana, Bi Kawthar. Mbwa wa jangwani ndivyo walivyo."

Jioni, wakati wa kula, Japhet alimsukumia sahani. "Mheshimiwa, leo bunge limefungwa?" Fanuel akamweleza yote. Japhet aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo mbwa ndiye aliyefukuzwa kwa niaba yako."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Nisemeje? Wewe ndiye unayetufundisha kusema. Kesho nenda kwa yule mama."

Akaenda. Jumapili asubuhi alishuka kwenye metro ya Qusais, akatembea hadi Al Twar huku akirudia sentensi moja mdomoni: Ni mimi, nilimvuta. Alipofika ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya kaka, akakuta geti liko wazi na pikapu ya kwenda shamba la ngamia imeegeshwa, nyuma yake umeegemezwa ubao.

"Mbebe tu," kaka alikuwa akisema.

"Ngoja," Bi Kawthar akajibu. Akapiga magoti, akaugusa ubao kwa kiganja. "Njoo, mama. Mwenyewe."

Simsim aliunusa. Akaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Akapanda polepole, tumbo karibu liguse mbao, hakuna aliyemvuta. Alipofika juu akasimama, miguu ya mbele ndani ya pikapu, ya nyuma bado ubaoni, akageuza shingo kumtazama Bi Kawthar, akingoja.

Bi Kawthar alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kaka naye akangoja, mkono juu ya mlango. Fanuel, ng'ambo ya barabara, alifungua kinywa kuisema sentensi yake.

"Haya," Bi Kawthar akasema.

Simsim akaingia.