Suri ya Mukono wa Kushoto

Jioni umeme ukirudi, mama anacheza karata kwenye ordinatere, ile kompyuta ya zamani ya baba. Anacheza na mukono wa kushoto. Si kwamba alizaliwa hivyo, hapana! Alijifunza akimuangalia baba, na baba ndiye alikuwa wa kushoto toka utoto.

Siye hapa Bunia, kumupa mutu kitu na mukono wa kushoto ni kumutukana. Shuleni walimu walimuchapa baba vidole mpaka akaandika na kuume. Nyumbani mama aliendeleza kazi yao. Baba akimunyooshea kikombe ya chai na kushoto, mama anakunja mikono. "Baba ya watoto, mukono gani huo?" Baba anacheka, anabadilisha. Mbele ya ordinatere tu ndipo hakuna mutu alimugombeza.

Baba alitutoka mwaka jana. Mwaka huu suri nayo ikafa, kile kipanya cha kusogezea mushale. Nikaenda sokoni kutafuta ingine, muuzaji akanitolea moja nyeusi, yenye mugongo wa kupinda na shimo ya kidole gumba. "Yaya," akaniita kama mukubwa wake, "iyi inashika mukono vizuri." Kweli, ilinikaa kama nimepimiwa. Lakini nilikuwa nimeishika na kuume, mjinga miye!

Mama aliweka mukono wake wa kushoto juu. Mazoea yana taabu: kidole gumba kilitafuta mahali pake, kikakosa. Akajaribu na kuume, mushale ukakimbia huku na kule. "Iko muzuri, mutoto wangu. Aksanti," akasema, akazima mashine. Toka siku ile umeme ukirudi akawa anaenda kuchambua maharagwe. Iliniuma sana, maana pale kwenye karata ndipo alikuwa bado anakaa na mume wake.

Nikarudi kwa muuzaji, akakubali kunibadilishia. Safari hii nilijaribu kila suri na kushoto, watu wakanicheka weee! Nikachagua ya hovyo kuliko zote, bapa, pande zote sawa.

Nyumbani nilimunyooshea mama na mukono wa kuume, kwa heshima yote. Yeye akanyoosha wa kushoto kupokea. Mama yangu huyo, mwenye kukunja mikono!

Akaigeuza suri kidogo, hakuiweka mezani.

"Nilimukatazaka baba yako bure," akasema. "Maisha yote, chai inapoa mukononi mwake."