Manowari na Maksai wa Baba

Sijawahi kuiona bahari, lakini manowari za zamani nazijua kuliko majirani zangu wa hapa kijijini Daudi. Bando la wenzangu huishia kwenye umbea. Langu huishia kwenye vyuma vya miaka mia moja iliyopita. Kila mtu na ugonjwa wake.

Baba ndiye msikilizaji wangu pekee. Jioni moja, tukimenya vitunguu saumu, nilimsimulia habari za manowari nne zilizoundwa kwa ramani moja mwanzoni mwa karne iliyopita. Zilipoingia kazini watu walizishangilia. Kabla rangi haijapauka, zikaundwa nyingine kubwa zaidi, zenye mbio zaidi, na zile nne zikaonekana za kizamani. Vita vilipokuja zikapewa kazi za pembeni: kusindikiza meli za mizigo, kupiga mizinga ufukweni. Baadaye zikawa za kufundishia vijana ubaharia.

"Kama maksai wangu," baba akasema.

Maksai huyo amelima shamba letu tangu nikiwa shule. Sasa anachechemea kidogo, na kaka yangu alishaamua apelekwe mnadani Jumamosi. Baba alitaka abaki, afungwe nira moja na dume changa, alifundishe kufuata mtaro wa plau, kama tulivyozoea huku. Ila kaka ndiye anayelisha nyumba siku hizi, na baba analijua hilo kupita kiasi. Iliniuma kumwona mzee ananyamaza kwenye boma lake mwenyewe.

Jumamosi kaka akaja na kamba, akatoa shikamoo. Baba akaitikia, kisha akanigeukia. "Mweleze kaka yako habari za meli."

Nikaeleza, nikachangamka hasa, na nilipofika kwenye mafunzo ya vijana nikafunga mdomo. Lakini kaka si mjinga.

"Na mwisho wake?"

Nilimtazama baba. Kudanganya mbele yake sikuweza. "Zilikatwakatwa, zikauzwa chuma chakavu."

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia." Baba aliinuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa zizi. "Hata mimi nitakufa, mwanangu. Lakini si Jumamosi hii."

Kaka alicheka kwanza, halafu machozi yakamlengalenga. Akaiweka kamba chini, akauliza lile dume changa liko wapi.