Mpunga ndani ya chupa

Harufu ya udongo uliolowa inanirudisha kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyefinyanga vyungu. Noeli moja ilipokaribia, alinipa chupa pana ya mayonezi. Tukapanga ndani mawe ya mtoni yaliyoota majani laini, tukamlaza juu yake Mtoto Yesu wa udongo ambao haujachomwa.

"Ni wewe utamuchunga," akaniambia.

Nikamwagilia maji kila asubuhi, kwa upendo wote. Siku ya Noeli Yesu alikuwa tope. Nililia, nikingoja fimbo. Haikuja. Mama mkubwa aliinama, akaona chipukizi la mpunga: punje moja ilikuwa imebaki kwenye makapi aliyochanganya na udongo alipoukanda. Akabeba chupa mpaka kanisani. Watu wakamuuliza Mtoto Yesu yuko wapi.

"Muangalie muzuri," akajibu, akionyesha chipukizi. "Iko naota."