Pale Paladiamu Inapokawia

Paladiamu, metali ya bei ghali, niliijua kama unga kidogo ndani ya kichupa, katika maabara ya chuo kule Embu, na niliulinda kuliko simu yangu. Kazi yake ni kuunganisha kaboni mbili ambazo zenyewe zikikutana hazisalimiani hata. Kwanza inaingia kati ya kaboni moja na bromini iliyoishikilia. Kisha inapokea kaboni ya pili kutoka kwa boroni. Halafu inaziunganisha hizo mbili, inatoka mikono mitupu na kuanza upya. Swali la tasnifu yangu ya uzamili lilikuwa moja tu: kati ya hatua hizo, ni ipi inayochelewesha zingine?

Mimi nikasema ya kwanza. Mtahini kutoka Nairobi, profesa aliyeianza kazi hiyo kabla mimi sijajua kuvaa viatu, akaisoma tasnifu na kusema ni ya pili, na nisipobadilisha nitarudia utafiti wote. Kurudia kwa unga upi, jamani? Unga uliobaki haungefunika hata ukucha.

"Mwenye nguvu mpishe," msimamizi wangu alinishauri wiki ile ya kutetea tasnifu. Alikuwa mtu mpole na alinitakia mema. "Badilisha hiyo sentensi, uvae joho, uende nyumbani."

"Nimpishe aende wapi, Daktari? Nimepima mwenyewe. Sibadilishi ng'o!"

Aliniona nina kiburi. Sawa, ninacho. Lakini mambo ya kukawia niliyajua tangu utotoni. Kwetu ni karibu na Maua, na Baba alikuwa na shamba la miraa. Miraa ikinyauka hakuna anayeitaka, na pikapu ya Nairobi haimngoji mtu. Msimu mmoja ikawa inatuacha kila mara. Baba akawaka, akaongeza wachumaji. Wee! Miraa ikarundikana chini na kunyauka vilevile, kwa sababu waliokuwa wakiifunga kwa majani ya mgomba ni wajomba zangu wawili tu. Baadaye akawatoa wachumaji wengi mitini wakafunge, na sasa wafungaji wakakaa wakipiga gumzo, hawana cha kufunga. Baba alishika kiuno akasema shida imepanda mtini. Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

Kwa hiyo maabarani sikubahatisha. Niliongeza ile kaboni yenye boroni maradufu, kasi haikusogea. Basi si hapo inapokwama. Nikaondoa bromini nikaweka iodini, ambayo huiachia kaboni upesi zaidi, na kasi ikaruka. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikikawia, nikaandika hivyo bila kupepesa macho.

Siku ya utetezi mtahini aliifungua tasnifu yangu taratibu, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, mimi nimeongeza boroni mara nyingi, na kila mara kasi hupanda. Unaniambia macho yangu yalinidanganya?"

Msimamizi wangu akaangalia viatu vyake. Nami, na mdomo wangu wote huu, sikumbishia, kwa sababu nilijua mzee yule hasemi uongo. Kama yeye aliona kweli, na mimi niliona kweli, basi hatukuwa tukiangalia kitu kimoja.

"Profesa, samahani," nikasema. "Wewe ulitumia bromini au iodini?"

"Iodini. Siku zote."

"Basi fungua kiambatisho, ukurasa wa mwisho." Kiambatisho ni mahali ambapo hakuna mtahini anayefika. "Hapo nimetumia iodini, kisha nikaongeza boroni. Kasi imepanda, kama unavyosema. Iodini hurahisisha hatua ya kwanza, na kukawia kunahamia ya pili. Lakini tasnifu yangu ni ya bromini."

Alifuata mstari wa grafu kwa kidole, akarudi mwanzo, akaufuata tena. Kisha akavua miwani.

"Kumbe nilikuwa nikijibu swali lingine," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake. "Miaka yote hii." Akamgeukia msimamizi wangu. "Hiyo sentensi isiguswe."

Mimi niliyeingia pale kifua mbele nikaangua kilio mbele ya maprofesa wote, na sikutafuta hata leso.